Kamati ya Wananchi ya Mazingira Jijini: Mkazi Ana Haki Gani?

Kamati ya ushauri ya mazingira ni kundi la wakazi wanaokutana kwa ratiba inayojulikana, wakichunguza hali ya taka, maji, hewa, kelele na miti jijini mwao, kisha kuishauri bodi ya jiji kabla haijaamua. Haitungi sheria, haitoi leseni, haimtozi mtu faini. Nguvu yake yote iko katika mambo mawili: kupewa taarifa mapema, na kujibiwa kwa maandishi. Kwa hiyo jiji linapojadili kama liunde kamati ya namna hii au la, mkazi anayeombwa maoni aulize kwanza mambo hayo mawili yameandikwa wapi.

Maelezo haya yanahusu Kenya, ambako majiji sasa ni matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililotangazwa mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya (Kifungu cha 42). Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kusimamia, kulinda na kuhifadhi mazingira, na Kifungu cha 10 kinauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kinachotaja kamati ya ushauri ya wakazi wa jiji. Bodi ya jiji inaweza kuamua kuiunda, na inaweza kukataa. Isichoweza kukataa ni kuwasikiliza wakazi na kuwajibu, iwe kamati ipo au haipo.

Wajibu huo umo katika Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Kifungu cha 22 kinawapa wakazi mabaraza ya wananchi ambamo wanaweza kujadili huduma za jiji, makadirio ya bajeti, mipango ya maendeleo na jambo jingine lolote linalowagusa, na pia kufuatilia mienendo ya maafisa, wakiwemo wajumbe wa bodi yenyewe. Bodi inatakiwa kualika maombi na maoni ya mabaraza hayo. Jambo kubwa zaidi, na wengi hawalijui, ni kwamba bodi inatakiwa kutoa ripoti ya uamuzi wake kuhusu maombi hayo pamoja na sababu za uamuzi huo. Jedwali la Pili la sheria hiyo linaongeza haki ya mkazi kupeleka maoni au malalamishi kwa maandishi au kwa mdomo, kujibiwa bila kucheleweshwa, na kuarifiwa uamuzi unaogusa haki au mali yake. Mkazi anayedai kamati ya mazingira ijibiwe kwa maandishi haombi hisani, kwa kuwa anapanua wajibu ambao bodi tayari inao.

Kamati hii mara nyingi huchanganywa na Kamati ya Mazingira ya Kaunti, na maafisa wengine huutumia mkanganyiko huo kusema kwamba kamati tayari ipo. Kamati ya Kaunti imeundwa na Kifungu cha 29 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015. Huteuliwa na gavana kupitia gazeti rasmi la serikali. Mwenyekiti wake ni waziri wa kaunti anayehusika na mazingira, na katibu wake ni afisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Humo wamo wawakilishi wa wizara, wawakilishi wawili wa wakulima au wafugaji, wawili wa wafanyabiashara na wawili wa mashirika ya manufaa ya umma yanayoshughulika na mazingira. Kazi yake kubwa ni kusimamia mazingira ya kaunti nzima na kuandaa mpango wa utekelezaji wa mazingira kila miaka mitano.

Ukiitazama orodha hiyo kwa macho ya mkazi wa jiji, pengo linaonekana wazi. Mpangaji anayeishi karibu na jaa la taka, mwokota taka anayeishi kwa kuchambua plastiki na vyuma, na mzazi ambaye mwanawe anasoma kando ya mtaro wa majitaka hawana kiti chao wenyewe. Wataingia tu wakiwa wakulima, wafanyabiashara au wanachama wa shirika, na kwa uteuzi wa gavana. Hiyo ndiyo sababu nzito ya kutaka kamati ya jiji: kuwaweka mezani watu wanaoishi na uchafuzi kila siku. Kamati itakayojazwa wataalamu na wenye biashara peke yao itakuwa imerudia kile ambacho kaunti tayari inacho.

Mfano mzuri ni Nakuru. Jiji hili lina jaa la Gioto upande wa Menengai, na chini yake liko Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto unaotoka. Kinachoingia humo na maji ya mvua hubaki humo. Plastiki inayotupwa kwenye mtaro wa barabara katikati ya jiji husafiri na maji kuelekea ziwani, kwa hiyo uzoaji taka, usafishaji wa mitaro na uhai wa ziwa ni jambo moja. Lakini mamlaka juu ya jambo hilo yamegawanyika. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, na kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Leseni za mazingira hutolewa na NEMA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Kamati ya ushauri isiyojua mgawanyo huu itaandika barua nzuri kwa ofisi isiyo na mamlaka, na miezi itapita bure.

Chombo kinachoiunda kamati kina uzito wake. Kamati iliyoundwa kwa barua ya meneja wa jiji inaweza kuvunjwa kwa barua nyingine. Iliyoundwa kwa azimio la bodi lililo kwenye kumbukumbu za kikao ina msingi imara zaidi kidogo. Iliyowekwa katika sheria ya kaunti iliyopitishwa na Bunge la Kaunti haiwezi kufutwa bila bunge hilo kurudi mezani na umma kushirikishwa tena. Wakazi wanaweza kuiomba njia hiyo ya mwisho: Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni kwa Bunge la Kaunti ili litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Hati ya kuunda kamati isomwe kabla ya majina ya wajumbe kutajwa, kwa sababu majina yakishatajwa mjadala hugeuka kuwa wa watu. Namna ya uteuzi iwe wazi: tangazo, muda wa kutuma maombi, na vigezo. Katiba inataka hatua zichukuliwe ili watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa (Kifungu cha 27), na inalinda nafasi ya watu wenye ulemavu na vijana (Vifungu vya 54 na 55). Hati ieleze jinsi mjumbe mwenye maslahi, kwa mfano mwenye kandarasi ya kuzoa taka, atakavyotangaza maslahi hayo na kukaa kando jambo hilo likijadiliwa. Ieleze kwamba vikao viko wazi na kumbukumbu zake zinabandikwa mahali wakazi wanapofika. Na ipange siku za kujibu: kwa mfano, bodi iwe na siku 30 kueleza imekubali lipi, imekataa lipi, na kwa nini. Muda huo haumo katika sheria yoyote. Ni pendekezo ambalo wakazi wanaweza kulitoa, na ndilo linalostahili kupiganiwa kuliko posho au vitambulisho.

Jiji likishakuwa na kamati, kuna hatari moja ambayo wakazi wanapaswa kuikataa mapema. Ni ile ya bodi kusema kwamba kwa kuwa kamati ilishauriwa, umma umeshirikishwa. Kamati ya watu kumi na watano haibebi haki ya wakazi laki kadhaa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Kesi ya Lamu ina somo la karibu zaidi na mazingira. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ambayo NEMA ilikuwa imekipa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Mikutano na wakazi ilikuwa imefanyika, lakini wakazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuitolea maoni ripoti yenyewe ya athari za mradi baada ya kukamilika. Kukutana na watu kabla ya hati kuwepo hakuhesabiwi kuwa ni kuwashirikisha kuhusu hati hiyo. Kanuni hiyo inafaa kutumika hata katika mjadala wa kuunda kamati: rasimu itolewe kwanza, katika lugha wanayoielewa wakazi, na mkutano uitwe baadaye.

Haki ya taarifa ndiyo silaha ambayo mkazi anaweza kuitumia leo hii, bila kusubiri kamati. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza utaratibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika huomba kwa mdomo, na afisa anatakiwa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kuomba. Hatozwi ada ya kuomba, ila anaweza kudaiwa gharama halisi ya kunakili. Ofisi inatakiwa kuamua haraka iwezekanavyo, isipite siku 21, na kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Muda unaweza kuongezwa kwa siku 14 zaidi kama hati ni nyingi. Ofisi ikinyamaza hadi muda upite, kimya hicho huhesabiwa kuwa ni kukataa.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Inatosha iandikwe hivi: "Mimi, mkazi wa wadi hii, ninaomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nakala ya mkataba wa sasa wa kuzoa taka katika wadi yetu, ratiba ya magari ya taka, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira wa jaa la Gioto." Kinachofaa ni kutaja hati kwa jina. Ombi la "habari zote kuhusu taka" humpa afisa njia rahisi ya kuchelewa. Nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo. Akikataliwa, mkazi ana siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman.

Petisheni kwa serikali ya kaunti ni haki nyingine chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti. Kifungu cha 88 kinawaruhusu wananchi kupeleka petisheni kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti, na Kifungu cha 89 kinazilazimisha mamlaka za kaunti kujibu haraka.

Mambo yakishindikana ofisini, zipo njia tatu. Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira huchunguza malalamishi kuhusu hali ya mazingira, hata yale yanayoilenga NEMA. Mwenye kupinga leseni iliyotolewa na NEMA huenda Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira, na huko muda ni siku 60. Watu wengi hupoteza haki hii kwa kuendelea kuandika barua huku siku zikiyoyoma. Ya tatu ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba. Hapo mlalamishi hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Inatosha kuonyesha kwamba haki ya mazingira safi imevunjwa au iko hatarini. Mahakama inaweza kuamuru uchafuzi usimamishwe, kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, au kuamuru fidia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishinda mwaka 2020 na ikaamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kuwa mjumbe wa kamati ya ushauri hakumzuii mtu kutumia njia yoyote kati ya hizi. Hati ya kamati ikidai kwamba wajumbe hawaruhusiwi kushtaki, kupeleka petisheni au kuzungumza hadharani bila kibali cha jiji, kipengele hicho kipingwe kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, kwa kuwa haki hizo ni za Katiba na bodi ya jiji haina uwezo wa kuzifuta.