Filta ya oili ya pikipiki imeng'ang'ania: namna ya kuifungua bila kuumiza injini

Vijana wenzangu, leo tuache kidogo habari za kantangaze na ukungu. Msimu wa kuvuna ukifika, maswali ninayoulizwa yanabadilika: nusu ya mimea, nusu ya pikipiki. Wala sishangai. Nyanya ziko kwenye matenga, mnunuzi anasubiri sokoni Ilula, pikipiki imelala chini ya mti ikiwa imefunguliwa nusu. Hiyo ni hasara ya shamba kama zilivyo hasara za ugonjwa.

Swali linalorudi sana ni hili: "Bwana shamba, nimeshamwaga oili, nataka kubadilisha filta, haifunguki. Nifanyeje?"

Kwanza weka nyundo chini. Filta yenyewe ni kitu cha bei ndogo, unaweza kuiharibu ukanunua nyingine. Kilichoishikilia ndicho cha bei kubwa. Kasha la injini ya pikipiki ni aluminiamu, na hesi zilizomo zimechongwa kwenye aluminiamu hiyo hiyo laini. Hesi ikiliwa, au kava ikipata ufa, oili itavuja kila siku, na injini ya pikipiki inabeba oili kama lita moja tu. Ikipungua nusu huku umepakia gunia mbili unapanda mlima, injini inanoki. Kuna kijana mmoja wa kikundi cha nyanya alimwachia fundi wa barabarani afungue kava kwa tindo na nyundo. Bolti ilitoka kweli, na kipande cha kava kikatoka nayo. Pikipiki ilikaa wiki mbili inasubiri kava, na mavuno yakasafirishwa kwa kukodi.

Jua una filta ya aina gani

Pikipiki ndogo nyingi tunazotumia, na zile za matairi matatu tunazoita toyo au guta, injini zake zimeiga Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Injini ya namna hiyo haina filta ya karatasi. Ina wavu wa chuma nyuma ya kifuniko kikubwa chenye springi, pamoja na kikombe kinachozunguka na kukamata uchafu kwa mzunguko, ambacho kiko ndani ya kava ya upande wa klachi. Kikombe hicho mwachie fundi. Wavu utausafisha mwenyewe.

Aina ya pili ni filta ya karatasi iliyokaa ndani ya kava ndogo ya duara ubavuni mwa injini, inayoshikwa na bolti mbili au tatu. Hii ndo inayosumbua wengi. Aina ya tatu ni kopo la bati linalozungushwa lote, kama filta ya trekta au Hilux. Hilo liko kwenye pikipiki kubwa, lakini nitalieleza kwa sababu wengi wenu mna trekta kwenye kikundi.

Pampu ndogo za petroli za kumwagilia msizitafute filta ya oili, hazina. Zenyewe ni kubadilisha oili kwa wakati, basi.

Kwa nini inakwama

Mafundi wengi wanakaza kupita kiasi, hilo linajulikana. Kuna sababu nyingine ya kwetu sisi wakulima ambayo fundi wa mjini hawezi kuiona. Pikipiki yako inabeba mbolea. Vumbi la UREA au CAN linadondoka kwenye injini, linashika unyevu wa usiku, linaanza kula chuma. Halafu unabeba bomba la kupulizia limevuja, na dawa zenye kopa zikikauka juu ya aluminiamu zinaichimba. Bolti ni chuma, kasha ni aluminiamu, kati yao kuna maji ya chumvichumvi. Metali hizo mbili zikikaa hivyo, aluminiamu inatoa unga mweupe unaojaa kwenye hesi na kuigandisha bolti kama saruji. Ukiona unga mweupe kwenye kichwa cha bolti, hapo ujue huendi kuifungua kwa haraka.

Bolti za kava

Anza siku moja kabla. Osha injini ikiwa imepoa, sugua vichwa vya bolti kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha weka mafuta ya kupenyeza kuzunguka kichwa. Kama huna yale ya kopo la kupuliza, dizeli inasaidia, ila inataka muda. Weka jioni, rudia kabla ya kulala, asubuhi weka tena.

Asubuhi chukua boksi spana ya saizi kamili. Kwa bolti hizi ndogo huwa ni namba 8 au namba 10. Iwe boksi ya pembe sita, sio ya kumi na mbili, maana ya kumi na mbili inashika nchani na kulambisha kichwa. Ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wanalijua jina lake, iache kwenye boksi la vifaa. Hata plaizi iache.

Gonga kichwa cha bolti mara nne au tano kwa nyundo ndogo, wima, kama unabisha hodi kwa mgonjwa. Lengo ni kuvunja ule unga. Halafu, na hapa wengi wananishangaa, jaribu kwanza kukaza kidogo sana. Kidogo tu, mpaka usikie imetikisika. Ikishatikisika, legeza. Ikienda robo mzunguko ikakataa, usilazimishe. Rudi nyuma, ongeza mafuta, nenda tena. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Bolti hizi unene wake ni milimita 6, zinakatika kirahisi kuliko unavyodhani.

Ikigoma kabisa, tumia joto. Aluminiamu ikipata moto inapanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linaachia bolti lenyewe. Chemsha birika la maji, mimina polepole kwenye kasha kuzunguka bolti, kisha jaribu papo hapo kabla halijapoa. Maji yasiingie kwenye tundu la kumwagia oili, rudisha nati yake kwanza. Tafadhali usitumie moto wa gesi wala mkaa. Juu ya injini hiyo kuna tangi la petroli, na kabureta iko pembeni.

Kichwa kikishalambika, tafuta boksi ndogo kidogo kuliko kichwa, igongelee kwa nguvu mpaka ing'ate, ndipo uzungushe. Ikishindikana, shika kwa vaisigripi iliyobanwa sawasawa. Ikikatika usikate tamaa: toa bolti zilizobaki, vuta kava, na mara nyingi kipande kilichobaki kinachungulia nje. Kishike kwa vaisigripi, kwa kuwa sasa hakuna kava inayokibana. Kikiwa kimekatikia ndani kabisa, hapo simama. Kutoboa kwa drili ya mkono shambani ni kuharibu hesi. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchonga, mlipe.

Bolti zimetoka, kava haitoki? Gasketi au oringi imeganda. Gonga pembeni kwa mpini wa mti, zunguka kava yote. Usipenyeze bisibisi katikati ya kava na kasha, mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha oili.

Filta ya karatasi iliyo ndani vuta kwa vidole huku unazungusha. Kabla hujaitoa, angalia imekaaje. Kuna springi na mara nyingine washa, na filta ina upande wa ndani na wa nje. Za Honda nyingi zimeandikwa OUT SIDE upande unaotakiwa kutazama nje. Ukiigeuza, unaweza kuziba njia ya oili, na injini ikafa ukiwa na oili mpya kabisa ndani.

Filta ya kopo

Hii tatizo lake sio kutu. Ni raba yake iliyogandana na injini, kwa kuwa aliyefunga hakuipaka oili au alikaza kwa spana. Mafuta ya kupenyeza hayakusaidii sana hapa. Kabla hujamwaga oili, washa injini dakika tatu nne ili raba ilainike, zima, jihadhari na ekzosi. Futa kopo lisiwe na oili hata kidogo. Lizungushie msasa, upande wa mchanga uelekee kwenye kopo, kisha zungusha kinyume cha saa ukiwa unalitazama kopo kwa mbele. Ukiwa umelala chini ya trekta ni rahisi kuchanganya, nimeona watu wazima wakikaza kwa dakika kumi wakijua wanafungua. Msasa ukishindwa, funga kipande cha tyubu ya baiskeli au mkanda wa ngozi kuzunguka kopo, pitisha kijiti, nyonga. Spana ya cheni inafanya kazi vizuri zaidi ukiiweka karibu na kitako, pale bati ni gumu.

Kuchoma kopo kwa bisibisi ndefu na kulitumia kama mpini ni njia ya mwisho. Bati huwa linachanika kama la sardini, na kitako kinabaki kimeng'ang'ania. Ukilazimika, usichome karibu sana na injini, kwa sababu katikati pale kuna hesi ya injini. Kikibaki kitako peke yake, kigonge ukingoni kwa tindo, taratibu, kuelekea upande wa kufungua. Na usianze kuchoma kabla hujawa na filta mpya mkononi, maana chombo hicho hakitawaka tena mpaka uifunge.

Wavu

Kifuniko chake ni kikubwa, kinataka boksi kubwa ya saizi yake. Kilegeze huku umekishika kwa kiganja, springi inaruka na kupotelea kwenye majani. Osha wavu kwa mafuta ya taa, ukichanika nunua mwingine. Ukikuta vipande vinavyong'aa vya chuma kwenye wavu, usifunge na kuendelea na safari. Mwonyeshe fundi.

Kufunga

Safisha hesi za bolti kwa brashi, paka grisi kidogo sana. Oringi mpya ipake oili safi. Ingiza kila bolti kwa vidole kwanza, ikikataa vidole imeingia upande. Kaza kwa kupokezana, spana fupi, nguvu ya kifundo cha mkono tu na sio ya bega. Filta ya kopo kaza kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Hakuna spana hapo.

Jaza oili, washa bila kuvuta mafuta, chungulia kama inavuja. Zima, subiri dakika chache, simamisha pikipiki wima, pima na uongeze inayopungua. Kesho asubuhi angalia tena chini yake kabla hujapakia.

Oili chafu usiimwage kwenye mfereji wa kumwagilia wala pembeni ya kisima. Usiipake ng'ombe eti inaua kupe, inaunguza ngozi. Iweke kwenye galoni lenye mfuniko, ambalo halijawahi kuwa na dawa, na uandike juu yake. Mafundi wengi wanaipokea. Kopo la kupimia oili lisirudi kamwe kupimia dawa ya kupulizia.