Pima Briji Kwanza, Ndipo Uvuke Goli

Leo dada yenu hajibu mambo ya uchumba wala ya mawifi. Barua iliyonikaa kichwani imetoka Mahagi, kwa msichana anayepiga solo kwenye kwaya ya kanisa. "Yaya, nisaidie," ameanza. Gitaa lake la umeme ni la umbo la Stratocaster, la bei ya chini. Kila akikandamiza mkono wa tremolo nyuzi zinatoka kwenye sauti, na wapigaji wenzake wamemwambia briji imekufa, atafute dola anunue nyingine. Anauliza: ninunue ipi, na nani atanifungia?

La pili nalijibu kwanza: utafunga mwenyewe. Bisibisi haijui kama mkono ulioishika ni wa mvulana au wa msichana, na huyo fundi atakayekuja na haraka zake ndiye atakayekuharibia mbao. Hilo la kuuliza ununue ipi tutalifikia, ila sidhani kama briji yako imekufa.

Hebu geuza gitaa ufungue kile kifuniko cha plastiki cha mgongoni. Utaona springi, mara nyingi tatu, zikivuta kipande kizito cha chuma kuelekea shingoni. Upande wa mbele nyuzi sita nazo zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 40. Briji imekaa katikati ya mvutano huo. Ukikandamiza mkono, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuachia, springi zinairudisha briji mahali pake. Fundi Leo Fender wa California ndiye aliyeitoa briji ya aina hii pamoja na Stratocaster mwaka 1954, na viwanda vya dunia nzima vimeiiga mpaka leo. Kila kitu kinategemea briji irudi palepale ilipotoka. Isiporudi, gitaa limetoka kwenye sauti.

Sasa, kinachoizuia kurudi mara nyingi kipo mbali na briji. Anzia juu, kwenye funguo. Uzi uliozungushwa ovyo, mizunguko ikipandana, utaendelea kujikaza na kuteleza kila unapotumia mkono. Halafu tazama kizingiti, kile kipande kidogo chenye mikato sita mwisho wa shingo. Ukisikia "tik" unapokaza ufunguo, ujue uzi unanasa hapo. Chora ndani ya mikato kwa penseli ya kawaida, ule unga mweusi unalainisha vizuri. Ndiyo, penseli ya shule. Nyuzi zenyewe je? Kama zina kutu na zimepiga Jumapili nyingi, usiilaumu briji kwa makosa ya nyuzi.

Baada ya hapo, angalia zile skrubu sita zinazoishika briji kwenye mbao. Hapa ndipo watu wanapoua gitaa kabisa. Wakiona briji imeinuka kidogo kwa nyuma, wanakaza skrubu zote mpaka mwisho, wakidhani ililegea. Skrubu hizo zinafanya kazi ya bawaba, na bawaba inahitaji nafasi ya kucheza. Kichwa cha skrubu kifike kwenye bati la briji, kisha ukirudishe nyuma kidogo. Ukitaka kuishusha briji, kaza zile skrubu mbili ndefu zilizoshika kibao cha chuma cha springi ndani, mgongoni.

Ukishafanya hayo na bado linatoka, nitakuuliza swali ambalo wapigaji wenzako hawajakuuliza: huo mkono unautumia kwa nini? Kwa nyimbo za kwaya na sebene, utamu unatoka kwenye vidole na kwenye mkato wa mpigo, hautoki kwenye mkono wa tremolo. Kama unaukandamiza mara moja katika ibada nzima, tena kwa kujionyesha kidogo (usinikatalie), uchomoe. Kaza springi mpaka bati la briji lilale juu ya mbao. Kata kipande cha mti mgumu, mkavu, ukipachike nyuma ya kile chuma kizito, upande wa kitufe cha mkanda, kikae bila kucheza. Briji haitasogea tena. Na kuna faida kubwa zaidi: uzi ukikatika katikati ya wimbo, nyingine tano zitabaki kwenye sauti zake. Kwa mpiga gitaa wa kanisani, mimi naona hiyo inashinda briji yoyote mpya.

Lakini zipo briji zilizokwisha kweli. Bati limepinda. Njia ya skrubu ya mkono imelika, mkono unazunguka tu. Vikalio vya nyuzi vimekamatwa na kutu ya jasho na havisogei. Hapo nunua. Kama shida ni skrubu kucheza kwenye mbao, usinunue kitu: weka gundi ya mbao na vijiti vya kiberiti shimoni, acha vikauke, toboa upya kwa sindano nyembamba ya drili, funga.

Unaponunua, kipimo ndicho kinachoamua. Chukua rula, pima kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita. Magitaa mengi ya bei nafuu yana milimita 52.5, yale yanayofuata kipimo cha zamani cha Fender yana karibu 56. Tofauti hiyo huwezi kuilazimisha, na magitaa mengine yana nguzo mbili tu badala ya skrubu sita. Pima pia urefu wa kile chuma kizito cha chini, kwa sababu mwili wa gitaa la bei nafuu mara nyingi ni mwembamba na chuma kirefu kitatokeza mgongoni. Briji inunuliwe na mkono wake, maana njia za skrubu hazifanani. Piga picha yote hayo pamoja na rula, umtumie anayekwenda Bunia, Arua au Kampala. Kipande kisichoingia kwenye gitaa kikishavuka mpaka wa Goli kutoka Uganda, kukirudisha ni safari nyingine na nauli nyingine.

Akikuletea Floyd Rose kwa sababu inang'aa, mkatalie. Inataka mbao ichongwe upya na nyuzi zifungwe kwa kufuli kule shingoni. Ukipoteza kile kifunguo chake kidogo, hata kubadilisha uzi hutaweza.

Kufunga kwenyewe si kazi ndefu. Chomoa waya wa amplifaya. Legeza nyuzi zote taratibu, zitoe. Toa springi kwa koleo, uso ukiwa pembeni, maana springi ikiruka inaweza kukutoboa jicho. Kuna waya mwembamba umechomelewa kwenye kibao cha springi. Usiukate, bila huo amplifaya itavuma usiku kucha. Funga briji mpya, rudisha springi, weka nyuzi mpya.

Halafu tuni kwa subira. Wewe wa Mahagi umewaona wazee wakiipanga adungu, kile kinubi: ukikaza uzi mmoja, shingo na ngozi vinasogea na wa jirani unashuka, kwa hiyo wanazunguka tena na tena. Briji inayoelea, isiyolazwa juu ya mbao, iko hivyohivyo. Zunguka nyuzi zote, rekebisha skrubu mbili za springi, zunguka tena, mpaka nyuma ya bati ibaki nafasi ya milimita 3 hivi.

Mwisho, linganisha sauti ya freti ya 12 ukiibonyeza na ile ya kuugusa tu uzi juu yake. Uliyobonyeza ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.

Briji ya zamani usiitupe, skrubu na springi zake ni spea. Na ninyi wengine mnaotaka kuniuliza habari za briji, jina la gitaa peke yake halinisaidii. Niandikieni milimita.