Kinachoshuka Kwanza Kwenye Gari: Kijitabu cha Afya kwa Kaya Zinazohamia Songea

Mzigo wa kuhama hushushwa kwa kufuata ulivyopakiwa. Makochi na kabati vikishatoka garini hufuata godoro, ndoo na masufuria, na mwisho kabisa yale mabegi ya shangazi kaja yaliyofungwa alfajiri. Chandarua kwa kawaida kimo chini ya begi mojawapo, kwa sababu ndicho kilichokunjwa kwanza watu walipoamka. Giza likiingia televisheni imeshapata mahali pake, lakini chandarua hakijaonekana, na baba au mama anasema kitatafutwa kesho. Kijitabu hiki kinatetea jambo moja: katika nyumba mpya, kitangulie kufunguliwa kile kinachomlinda aliyelala, na vingine vyote vingoje. Kwa mji kama Songea, chandarua ndicho cha kwanza katika hesabu hiyo.

Sababu yake iko katika mwenendo wa mbu mwenyewe. Mbu jike wa jamii ya anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku, kuanzia watu wanapotulia hadi kunapopambazuka, yaani saa zile zile ambazo familia iliyochoka kwa safari imelala fofofo. Faida ya chandarua chenye dawa imepimwa hapa hapa nchini. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, jirani zetu wa mkoa wa Morogoro, watafiti wa Ifakara walifuatilia watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kulala ndani ya vyandarua vyenye dawa kuliongeza uhai wa watoto hao kwa asilimia 27. Majaribio ya nchi mbalimbali yakijumlishwa, homa za malaria hupungua kwa karibu nusu. Ni vifaa vichache sana vya nyumbani vyenye ushahidi wa namna hiyo, na hakuna hata kimoja kati ya vile tunavyovitanguliza sebuleni.

Wengi watajibu kwamba usiku mmoja hauna neno. Hoja hii ndiyo inayohitaji kujibiwa kwa makini kuliko zote, kwa kuwa imejengwa juu ya jambo ambalo macho hayalioni. Mtu akiumwa leo na mbu mwenye vimelea, haugui kesho. Vimelea huingia kwanza kwenye ini, vikazaliana huko kimyakimya, ndipo vitoke kwenda kwenye damu, na homa huanza siku 7 hadi 14 baadaye, pengine zaidi. Kwa hiyo ugonjwa ulioingia usiku wa kwanza hujitokeza wiki ya pili au ya tatu, wakati chandarua kimeshatundikwa na nyumba imeshapangika. Mtoto anapopata joto siku hizo, nyumbani husemwa hali ya hewa ya huku haijamkubali, au maji yamembadilikia, au ni uchovu wa safari ambao haujaisha. Hapo muda hupotea. Kwa mtoto mdogo, malaria inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, ikaleta degedege, upungufu wa damu au kupoteza fahamu. Usiku mmoja unaonekana hauna neno kwa sababu tu matokeo yake huja yakiwa yamevaa jina lingine.

Hoja ya pili ni baridi. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Matogoro, na mgeni anayefika Juni au Julai akalala na mablanketi mawili huona ajabu kuambiwa habari za mbu. Ni kweli baridi huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi ukuaji huo hukwama. Lakini mbu huyu akishashiba damu hupenda kupumzika ndani ya nyumba, ukutani au nyuma ya nguo zilizotundikwa, ambako kuna joto kuliko uani. Kisha mvua za Novemba hadi Aprili hujaza madimbwi, mashimo ya tofali na vijito vya mabondeni, na mazalia huwa karibu na vitanda vyetu. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetoka sehemu isiyo na malaria nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, ilhali mkoa wa Njombe, ambako kaya nyingi hutoka kuja Ruvuma kikazi na kibiashara, ulikuwa chini ya asilimia 1. Mtoto aliyekulia Makete mwili wake haujawahi kuzoeana na vimelea hivi. Akiumwa, ataumwa vibaya kuliko mwenzake wa Mfaranyaki au Bombambili aliyekua navyo.

Wapo watakaosema nyumba waliyopanga ina nyavu madirishani. Hilo ni jema, na nyumba yenye dari na nyavu nzima hupunguza kweli mbu wanaoingia. Ila siku ya kuhamia ndiyo siku ambayo mlango hukaa wazi tangu mchana hadi usiku watu wakiingiza vitu, na nyavu za mpangaji aliyetoka hazijakaguliwa na mtu. Udi wa mbu nao hufukuza baadhi kwa saa chache, moshi wake ukabaki kwa waliolala.

Ugumu wa kweli, na huu haustahili kubezwa, ni mahali pa kutundika. Mwenye nyumba hataki misumari kwenye ukuta wake mpya, au msumari wenyewe unajikunja kwenye tofali za kuchoma. Chandarua cha pembe nne kina vitanzi vinne, na kila kitanzi kinahitaji tu kitu cha kushika kamba. Penye kenchi wazi, funga kamba za manila hapo na uziache zining'inie kila kona. Penye dari, funga mianzi minne kwenye miguu ya kitanda, ipande juu kimo cha mtu, halafu uvishe vitanzi kwenye ncha zake. Nondo za dirisha zitashika kona mbili bila kuharibu rangi. Kama kitanda bado hakijaungwa, tandika mkeka, weka godoro juu yake, na pindo za chandarua zikae chini ya godoro pande zote, bila kugusa miili ya waliolala, maana mbu huweza kuuma kwa kupitia matundu ngozi inapogusa wavu. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumika ili harufu na mwasho wa dawa upungue. Kwa hiyo kitolewe kwenye mfuko wake kabla ya safari. Mshumaa usikae karibu nacho.

Hapo inafaa kutaja jiko la mkaa, kwa kuwa linaangukia usiku ule ule. Umeme wa LUKU haujanunuliwa, chumba ni cha baridi, na jiko lenye makaa mekundu linaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Makaa hayo hutoa hewa ya kabonimonoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu na kuua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata likionekana limezima. Blanketi la ziada ndilo liwe karibu, pamoja na kadi za kliniki na dawa za mtu anayetumia kila siku, za presha, kifua kikuu au ARV, ambazo zisafiri kwenye mkoba wa mkononi.

Kuhusu gharama, mjamzito hupewa chandarua bure kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, na mtoto hupewa anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Mkoa wa Ruvuma, pamoja na Lindi na Mtwara, ndiko ugawaji wa vyandarua kupitia shule za msingi ulikoanzia mwaka 2013. Kaya iliyohama isiyojitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa wala kuandikisha watoto shule mapema inaweza kupitwa na haki hiyo. Katika wiki hiyo ya kwanza, jueni pia zahanati iliyo karibu. Mtu yeyote wa nyumbani akipata homa ndani ya wiki sita za kuhamia, mpelekeni siku hiyo hiyo, mtajieni mhudumu tarehe mliyofika Songea, na ombeni kipimo cha malaria kabla ya kununua dawa yoyote.