Tupime Kabla ya Kukopa

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, nyumba zetu nyingi hujaa furaha, kisha haupiti muda furaha ile hugeuka fikira. Mtoto amefuzu, ada itatoka wapi? Na chuo kipi kinastahili ada hiyo? Katika somo hili twataka kuyapima mambo haya mawili pamoja, kwani wengi wetu huyapima mbalimbali: ama huhesabu ada bila ya kuitazama elimu, ama hutazama jina la chuo bila ya kuhesabu deni.

Kwanza tuyajue ya nyuma. Baada ya uhuru, serikali ya Kenya ndiyo iliyobeba gharama za wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1974 ikaanzisha mpango wa kuwakopesha. Lakini haikuwekwa njia madhubuti ya kudai, na wazazi na wanafunzi wengi wakadhani kuwa fedha zile ni zawadi. Zikatoka, nyingi zisirudi. Ndipo mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo watu huiita HELB, na mwajiri akalazimishwa kukata deni katika mshahara wa aliyekopa.

Hapa pana funzo. Deni ni amana, na asiyelipa humnyima aliye nyuma yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, imekuja kutufundisha kuandika deni. Basi yastaajabisha kumwona kijana akitia sahihi mkopo hali hajaandika popote jumla ya atakachodaiwa. Tuchukue mfano. Akopaye shilingi 50,000 kila mwaka kwa miaka 4 hutoka na deni la 200,000. Nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo Bodi huwatoza wanafunzi wa shahada ya kwanza, ni shilingi 8,000 juu ya deni hilo kwa mwaka mmoja. Akichelewa kulipa, huongezewa faini. Na nyongeza hiyo ndiyo iwatiayo Waislamu wengi shaka ya riba. Swali hilo lipelekwe kwa mwanachuoni kabla ya sahihi kutiwa, si baada ya deni kukua.

Ama elimu, wako wasemao kuwa chuo cha ghali ndicho bora. Twasema: ada ni bei, wala si kipimo. Ada huweza kupanda kwa ajili ya majengo na matangazo. Tena utabibu hugharimu zaidi kuliko lugha kwa kuwa wahitaji maabara na hospitali, si kwa kuwa lugha ni duni. Vilevile urahisi peke yake si hoja, kwani elimu isiyomfaa mtu ni ghali hata ikiwa nusu ya bei. Basi mzazi na aulize haya:

La kwanza, je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kozi yenyewe imekubaliwa na bodi inayosimamia kazi hiyo? Mwenye kusoma uhandisi katika kozi isiyokubaliwa na Bodi ya Wahandisi aweza kutoka na shahada mkononi, na mlango wa kuandikishwa umefungwa mbele yake. Deni halitafungwa.

La pili, walimu ni nani, na wanafunzi wangapi humtegemea mwalimu mmoja?

La tatu, je, wanafunzi humaliza kwa wakati? Mwaka mmoja wa kuchelewa ni ada, na chakula, na kodi ya chumba.

La nne, waliomaliza wanafanya nini leo? Waulizwe wao wenyewe, si karatasi za matangazo.

Wala tusidharau ufundi. Chuo cha Kiislamu cha Mombasa, maarufu kwa jina la MIOME, kilichoanza kufundisha mapema katika miaka ya 1950, kilikuwa chuo cha ufundi, na katika waliokitolea mali ni Sultani wa Zanzibar na Aga Khan. Chuo hicho kiligeuzwa mara kadhaa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Wale walichanga ili vijana wasome. Sisi je? Twachanga mamia ya maelfu kwa arusi ya siku tatu, na mtoto wa jirani akirudishwa chuoni kwa ada twamwambia akakope. Lau kila mtaa ungeweka sanduku la kukopesha bila ya nyongeza, likasimamiwa na waaminifu, na kila deni likaandikwa na kushuhudiwa, vijana wangapi wangeanza maisha bila ya mzigo huu?

Ndugu zetu, kabla ya mwezi huu kwisha, kila mwenye mtoto wa chuo na akae naye, waandike pamoja deni na faida. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.