Akili, Uhuru na Mapinduzi ya Makoloni

Somo letu la safari hii limetokana na swali. Tulipokuwa tukisoma jinsi Marekani ilivyojitoa katika utawala wa Uingereza, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadh, hawa walioandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, mbona walikuwa na watumwa?" Siku ile kengele ililia kabla hatujamjibu vizuri. Tunamjibu hapa.

Tuanze na maneno ambayo kila mmoja wetu ameyaona katika somo la Kiarabu. "Akili" yetu imetoka katika neno aql, na "uhuru" katika hurr, kinyume chake abd, yaani mtumwa. Katika karne ya 17 na ya 18 wanafalsafa wa Ulaya walizifunga pamoja fikra hizi mbili. John Locke, Mwingereza, alifundisha kuwa binadamu huzaliwa huru na ana akili ya kupambanua mambo. Kwa hiyo serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na ikiwadhulumu wana haki ya kuiondoa. Wafalme walikuwa wakidai kuwa wamewekwa na Mungu, basi kuwapinga ni dhambi. Hoja hii ililikata dai hilo mzizini.

Fikra zikavuka bahari. Januari 1776 Thomas Paine alitoa kijitabu cha lugha nyepesi akiwataka watu wa makoloni ya Marekani wajitenge na mfalme. Tarehe 4 Julai mwaka huo likapitishwa Tamko la Uhuru, ambalo mwandishi wake mkuu ni Thomas Jefferson. Ugomvi ulianzia kwenye kodi zilizotozwa na bunge ambalo wao hawakuwa na mjumbe ndani yake. Falsafa iliugeuza ugomvi ule wa kodi ukawa dai la haki ya binadamu, na hapo haukuweza tena kumalizwa kwa kupunguziwa kodi.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Jefferson, katika uhai wake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Locke naye alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza Waafrika. Wapo wasomi wa zama zile waliodai kuwa mtu mweusi ana upungufu wa akili, basi hastahili uhuru. Hoja iliyomvua mfalme taji ikapindwa, ikamfunga Mwafrika minyororo.

Wala tusiwanyooshee kidole wao peke yao. Septemba 1776, miezi miwili tu baada ya Tamko lile, Sultani wa Kilwa, Mwislamu kama sisi, aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi yalihitaji mikono.

Wafaransa hao hao walikuwa na koloni jingine, tajiri kuliko yote, katika bahari ya Karibi: Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Wazungu wake hawakufika 40,000. Watumwa wa mashamba ya miwa na kahawa walikuwa karibu nusu milioni. Mwaka 1789 mapinduzi ya Paris yalitangaza kuwa watu huzaliwa huru na hubaki sawa katika haki. Wenye mashamba wakalisoma tangazo hilo wakaona linawapa wao uhuru wa kujiamulia mambo bila Paris. Vincent Ogé, chotara tajiri, akaona linawapa haki machotara walio huru; alishika silaha mwaka 1790 na akauawa kikatili mwaka uliofuata, lakini watumwa hakuwadaia kitu. Kila mmoja aliishia pale maslahi yake yalipoishia.

Agosti 1791 watumwa wakainuka wenyewe. Wengi wao walizaliwa Afrika na hawakuwahi kufungua kitabu cha Locke. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mjeledi unauma! Hata hivyo viongozi wao, hasa Toussaint Louverture aliyezaliwa mtumwa, waliyachukua maneno ya Wafaransa wakayashika kama yalivyoandikwa: watu ni watu, na sisi ni watu. Vita viliilazimisha Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake tarehe 4 Februari 1794.

Napoleon alipotwaa madaraka alituma jeshi kubwa kuwarudisha chini. Toussaint alikamatwa mwaka 1802 akafa mwaka uliofuata katika ngome yenye baridi kali milimani Ufaransa. Wenzake hawakuvunjika moyo. Tarehe 1 Januari 1804 Dessalines alitangaza uhuru wa Haiti.

Ufaransa ilikubali kuitambua nchi hiyo mwaka 1825 tu, tena kwa sharti la kulipwa faranga milioni 150, baadaye zikapunguzwa kuwa milioni 90, ziwe fidia ya mali waliyopoteza wenye mashamba. Katika mali hiyo walihesabiwa na watu wenyewe. Haiti ilikopa ili ilipe, na madeni yaliyotokana na fidia hiyo ilimaliza kuyalipa mwaka 1947.