Nunua Hei kwa Kilo, Usihesabu Marobota Tu

Kiangazi kinapokaribia, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huanza kuulizana bei ya robota la hei. Ni swali la lazima, lakini halitoshi. Robota ni namna ya kufunga nyasi kavu, si kipimo cha uzito. Marobota mawili yanayolingana kwa macho yanaweza kupishana kilo tano, na mfugaji asiyepima hugundua hasara yake ghala limekwisha na mvua bado haijanyesha.

Aina za marobota

*Robota dogo la mashine.* Lina pembe nne, limefungwa kwa kamba mbili, na vipimo vyake hukaribia sentimita 35 kwa 45 kwa 90. Upana na kimo huamuliwa na mashine yenyewe. Urefu na mkazo hurekebishwa na mwenye mashine, na hapo ndipo uzito unapopungua. Robota lililokazwa vizuri huwa na kilo 15 hivi. Likifungwa fupi au likilegea, hushuka hadi kilo 10.

*Robota la kisanduku.* Hili hufungwa kwa mikono, ndani ya kisanduku cha mbao kilicho wazi juu na chini, chenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Kamba hutandikwa kwanza, nyasi hujazwa na kukanyagwa, kisha hufungwa. Likishindiliwa barabara hufika kilo 20 hivi.

*Robota la duara.* Hutoka mashamba makubwa. Uzito wake huanzia kilo 200 hivi na unaweza kupita 500 kulingana na ukubwa, kwa hiyo huhitaji trekta kulipakia na kulishusha.

Pima kabla ya kulipa

Lori likifika, chagua marobota 10 kutoka juu, katikati na chini ya mzigo. Yapime kwa mizani ya kuning'iniza, jumlisha, kisha gawa kwa 10. Sasa gawa bei ya robota kwa wastani huo. Tuseme muuzaji wa kwanza anataka shilingi 5,000 kwa robota la kilo 15, na wa pili shilingi 4,500 kwa robota la kilo 10. Wa kwanza anauza kilo kwa shilingi 333, wa pili kwa 450. Aliyeonekana rahisi ndiye ghali.

Uzito nao usikudanganye, kwani nyasi zisizokauka vizuri huwa nzito kwa sababu ya maji. Robota la kilo 15 lenye unyevu wa asilimia 15 lina kilo 12.75 za chakula kikavu. Unyevu ukiwa asilimia 30, zinabaki 10.5 tu. Zaidi ya hapo, robota bichi hupata joto, huota ukungu, na laweza hata kuwasha moto ghalani. Ili kujua, weka nyasi zilizokatwakatwa na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu yenye kifuniko, utikise kwa dakika mbili au tatu. Chumvi ikigandamana, hei hiyo bado haifai kuhifadhiwa.

Unahitaji kiasi gani?

Ng'ombe hula kila siku chakula kikavu cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake. Mwenye kilo 400 anahitaji angalau kilo 10, ambazo ni sawa na kilo 12 hivi za hei. Ng'ombe wawili wanaotegemea hei pekee kwa siku 120 watakula kilo 2,880. Ongeza asilimia 10 kwa zinazomwagika na kukanyagwa, utapata takriban kilo 3,170. Hayo ni marobota 212 ya kilo 15, au 317 ya kilo 10. Ukiwa na matete au mabua ya kuchanganya, punguza hesabu hiyo. Lakini usihesabu robota la majani ya mpunga kuwa sawa na la hei nzuri ya nyasi za boma rhodes. Majani hayo hujaza tumbo, ila lishe yake ni hafifu.

Kuhifadhi

Marobota 100 madogo huchukua takriban mita 15 za ujazo. Yapange juu ya chaga ya miti, chini ya paa lisilovuja, huku ukiacha nafasi ya hewa kupita. Unapolisha, ondoa kamba zote, kwani ng'ombe akimeza kamba ya plastiki anaweza kufa.

Ewe mfugaji, nunua mapema, nyasi zikiwa nyingi, na patana kwa kilo. Kama mizani ni ghali kwako peke yako, ichangieni kikundini. Muuzaji mwaminifu hataogopa kupimiwa mzigo wake.