Sauti Inayompanga Mgeni Kibandani: Maswali na Majibu

Vibanda vya picha na video vimezoeleka kwenye harusi, sendofu na mahafali. Mgeni anaingia mwenyewe, anagusa skrini, anapigwa picha au anarekodi salamu. Mpiga picha hayupo, kwa hiyo kazi ya kumwambia asimame wapi na atazame wapi inabaki kwa sauti zilizorekodiwa. Fundi wa vibanda anajibu maswali ya wanaoanza.

Skrini ina maandishi na namba zinazohesabu. Sauti ya nini tena?

Kwa sababu skrini na lenzi haviko mahali pamoja. Mgeni anayesoma maelekezo macho yake yako chini, na picha inatoka watu wote wameinama kana kwamba wanakagua risiti. Sauti ndiyo inayoinua nyuso.

Hitaji hili ni la zamani. Anatol Josepho, mhamiaji kutoka Urusi, alipoweka kibanda chake cha Photomaton kwenye barabara ya Broadway, New York, mwaka 1925, kilitoa picha 8 kwa senti 25 bila mpiga picha. Hata hivyo pembeni alikuwepo mhudumu mwenye glavu nyeupe akiwaelekeza wateja: geuka kulia, geuka kushoto, sasa tazama kamera. Sauti yako inashika nafasi ya mhudumu yule. Maandishi usiyaondoe lakini. Wapo wageni wasiosikia, na dijei akishakolea wanaosikia vizuri ni wachache.

Nirekodi maneno gani?

Machache kuliko unavyofikiri. Sentensi moja ya kukaribisha, moja ya kuwapanga, namba za kuhesabu, neno la katikati ya picha na picha, na la kuaga. “Karibuni, simameni kwenye alama.” “Tazameni taa nyekundu.” Tatu, mbili, moja. “Badilisheni pozi!” “Asanteni, picha zenu zinatokea upande wa kulia.” Hayo ya mwisho yataje mahali hasa, maana wageni wengi huondoka picha zao zikiwa bado kwenye printa. Tumia wingi hata akija mtu mmoja.

Kwenye salamu za video, uliza swali. Ukisema “Toeni ujumbe wenu,” utajaza diski kwa “hongereni sana, Mungu awabariki.” Ukiuliza “Bibi harusi alikuwaje alipokuwa mtoto?” au “Bwana harusi hukasirishwa na nini?” utapata visa ambavyo maharusi watavitazama tena na tena. Andaa maswali matano au sita, programu iyazungushe, kwa sababu walio kwenye foleni wanasikia la aliyetangulia.

Nitumie sauti ya nani?

Sauti za kompyuta za Kiswahili zipo, za lafudhi ya Tanzania na ya Kenya, na kwa maonyesho ya biashara zinafaa. Kwa harusi mimi namtaka mtu wa familia. Shangazi akisema “Nyie, simameni vizuri, mnaniaibisha,” wageni wanacheka kabla kamera haijafyatuka, na kicheko cha namna hiyo hakiagizwi.

Studio si lazima. Mwambie afungue kabati lililojaa nguo, aongee akiwa shibiri moja kutoka kwenye simu, mdomo ukiwa pembeni kidogo ili pumzi za “p” na “b” zisipige maikrofoni moja kwa moja. Nguo zinameza mwangwi. Zima feni, na friji pia: sikio limeshaizoea, simu itainasa.

Sauti ikifika “mbili” kamera inafyatuka. Programu ni mbovu?

Mara nyingi programu haina kosa. Anza na faili. Anayerekodi hubonyeza kitufe kisha akavuta pumzi, na kimya hicho cha nusu sekunde kinatosha kuharibu hesabu yote. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, ukate mpaka pale wimbi la sauti linapoanza. Halafu panga namba zipishane kwa sekunde moja kamili, maana mtu akihesabu kwa mdomo huongeza mwendo bila kujua. Kibanda kikipangiwa sekunde 3, faili la sekunde 4 litakatishwa au litachelewa. Hifadhi kwa WAV, biti 16, kilohezi 44.1, chaneli moja. Sekunde 10 hazifiki megabaiti moja, kwa hiyo huna sababu ya kulibana.

Kisha itazame spika. Ya Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au mbili, nyingine zaidi. Tena nyingi husinzia zikikaa kimya ili kutunza betri, na zikiamka zinameza mwanzo wa neno: “Karibuni” inatoka “buni.” Tumia waya. Ni wa bei ndogo na unamaliza kero zote mbili.

Mwisho ni kamera. Kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu inahangaika kutafuta fokasi kabla ya kufyatua. Lenga kwa mkono kwenye alama ya sakafuni, kisha zima fokasi ya kujiendesha. Ukitaka uhakika, rekodi kibanda kizima kwa simu na utazame video fremu kwa fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila moja ni kama milisekunde 33, na utaona kosa liko wapi.

Ukumbini haisikiki. Ninunue spika kubwa?

Hapana, sogeza ndogo. Iweke usawa wa kichwa, karibu na wageni; umbali ukipungua kwa nusu unapata takriban desibeli 6 za bure. Besi ya dijei ndiyo mpinzani wako, kwa hiyo usishindane nayo: kata kila kilicho chini ya hezi 120 na inua kidogo kati ya kilohezi 2 na 4, ambako konsonanti husikika. Jaribu dijei akiwa anapima mitambo yake. Jaribio la ukumbi mtupu halikuambii kitu.

Video zangu zinanasa sauti ya kibanda.

Maelekezo yaishe, mlio mfupi ulie, ndipo kurekodi kuanze. “Asanteni” isubiri rekodi ifungwe. Sekunde zilizobaki zionyeshwe kwenye skrini tu.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake. Ongeza sentensi kabla ya video: “Salamu hizi watakabidhiwa maharusi.” Ukikusudia kuzitumia kujitangaza, sema wazi na uweke kitufe cha kukataa. Vipande vya nyimbo za wasanii viache mpaka upate ruhusa.

Wageni wakiwa wa lugha mbili?

Weka kitufe cha lugha kwenye skrini ya kwanza. Kila lugha iwe na folda yake, majina ya faili yafanane. Usizirekodi mfululizo ndani ya faili moja: kila mgeni atasikiliza maelekezo mara mbili, na foleni itafika hadi kwenye meza ya keki.